MCHEZA KWAO HUTUNZWA
Habari za Vilabu vya Mpira katika Vijiji vya Ziwa Tanganyika

(Maneno yaliyosemwa mbele ya makatekista, wazee wa vigango na vijana, katika siku za Jubilei)



Katika siku hizi tumesikia mengi juu ya makanisa ya mawe na chokaa, na juu ya wale waliyoyajenga. Pengine baadhi yenu mtastaajabu mkisikia ya kuwa sisi makatekista wa vijiji vya ziwani tumeomba nafasi tuseme juu ya mpira wa miguu. Mtauliza, Mpira una neno gani na Jubilei? Twajibu kwamba Jubilei ni wakati wa kuhesabu mema yote ambayo Mwenyezi Mungu ametujalia, makubwa na madogo. Na katika mema hayo limo hili, ya kuwa watu wa mwambao huu, Waha na Wamanyema, Wabembe na Watongwe, Wakristo na Waislamu, wamejifunza kukaa pamoja. Yakini somo hilo hawakulipata darasani tu. Sehemu kubwa wamelipata uwanjani, saa ya jioni, jua likielekea milima ya Kongo. Tena hata Mtume Paulo, alipotaka kuwafundisha Wakorinto, hakuona haya kuchukua mfano wa wakimbiaji na wapiga ngumi.

MWANZO WAKE

Baba zetu katika imani walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Walikuwa Mapadre Weupe, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers. Ujiji wakati ule ulikuwa mji wa misafara, mji wa pembe na wa watumwa, wala kuhubiri humo hakukuwa kwepesi. Wakaenda kaskazini hata Rumonge, katika nchi ya Burundi, na huko tarehe 4 Mei 1881 Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao D'Hoop wakauawa. Wenzao hawakurudi nyuma. Mwaka 1885 walipokea Karema, na kazi ikaendelea kijiji kwa kijiji, hata nchi yetu ikafanywa Vikarieti ya Kigoma tarehe 10 Mei 1946, na Jimbo tarehe 25 Machi 1953.

Twataka mkumbuke neno moja la wamisionari wale. Lavigerie aliwapa amri kwamba kila kituo kiwe na daftari, na kila siku iandikwe humo: nani amekuja, nani amekufa, mvua imenyesha au haikunyesha. Kwa sababu ya amri ile, leo twajua habari za miaka ile kuliko tujuavyo habari za babu zetu wenyewe. Neno hili la daftari tutalirudia.

Mpira haukuja na mapadre wa kwanza. Sheria za mchezo huu ziliandikwa London mwaka 1863, na katika Afrika ya Mashariki ulienea kwa njia tatu: shule, jeshi na reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata ilishushwa majini ile meli ya Wadachi iliyoitwa Graf von Götzen, ambayo ilizamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikasafiri ziwani kwa jina la Liemba. Mahali penye stesheni na gati huwa pana makarani, mafundi, wapagazi na mabaharia, watu wa makabila mengi wasio na ngoma moja. Watu wa namna hiyo wakimaliza kazi hutafuta mchezo ambao hauhitaji kujua lugha ya mwenzako. Na mpira ni mchezo huo. Kutoka mjini ukaingia vijijini, maana mtoto aliyeuona mara moja alirudi kwao akautengeneza wa kwake: nguo kuukuu au majani makavu ya migomba, yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba mpaka yakawa duara. Watoto wa leo hutumia mifuko na makaratasi, lakini ufundi ni ule ule, na mchezo wao usio na refa wala mstari huitwa chandimu. Kila mchezaji mkubwa aliyetoka mkoani kwetu alianza na chandimu.

KAZI YA KLABU YA KIJIJI

Lakini chandimu bado si klabu. Klabu ni jambo jingine, na yafaa tulieleze, kwa kuwa wengi hudhani klabu ni watu kumi na mmoja waliovaa jezi za rangi moja. Klabu ya kijiji ni mwenyekiti, katibu na mtunza hazina, ambao hawapati senti. Ni mama mmoja afuaye jezi kumi na nne kila Jumatatu. Ni mvuvi atoaye ndoo ya dagaa iuzwe ili ununuliwe mpira. Ni mwenye mashua akubaliye kuwapeleka vijana kijiji cha pili kwa bei ya mafuta tu. Ni mzee ambaye hajagusa mpira tangu ujana wake, naye husimama kando ya mstari akikemea matusi.

Mwambao wetu una desturi zake katika jambo hili. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa mwanga wa taa, maana dagaa hufuata taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, nuru yake yashinda ya taa, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi hupandishwa mchangani kwa siku kadhaa. Basi siku hizo ndizo ambazo vijana wote huwa nchi kavu, na anayepanga mechi za vijiji vyetu bila kutazama mwezi hupanga bure. Nasi makatekista tumezoea kupanga mafundisho ya ndoa siku hizo hizo, kwa hiyo twapatana na makatibu wa vilabu: mafundisho saa tisa, mpira saa kumi na moja. Hawakosi kuja.

Kadhalika klabu imetufunza adabu kwa jirani. Katika timu ya kijiji chetu, mlinda lango hufunga Ramadhani na mshambuliaji hufunga Kwaresima. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini katika mwezi wa Ramadhani mazoezi hupungua, na Ijumaa Kuu uwanja huwa kimya. Mchezaji wetu mmoja alipozama ziwani kwa dhoruba, wenzake walimtafuta siku mbili. Na waliobeba jeneza lake kuingia kanisani walikuwa sita, wanne wao Waislamu. Padre aliyesoma Misa hakuongeza hotuba ndefu. Alisema tu kwamba yote aliyokuwa amekusudia kuhubiri, watu wamekwisha kuyaona.

MFANO WA AYALANDI

Wako watu waliofahamu thamani ya klabu ya kijiji kabla yetu, nao twataka kuwaleta mbele yenu kama mfano. Hao ni watu wa Ayalandi, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza, nchi ya wakulima na Wakatoliki wengi.

Kati ya mwaka 1845 na 1849 viazi vyao viliharibiwa na ugonjwa, wakapatwa na njaa kubwa. Watu wapatao milioni moja wakafa, na milioni nyingine wakahama kwenda Marekani na kwingineko. Na hata njaa ilipokwisha, kuhama hakukukoma. Vijiji vikabaki na wazee. Michezo ya kale ya nchi ikaanza kusahauliwa, na vijana waliosalia wakaifuata ile ya wageni waliowatawala. Ndipo tarehe 1 Novemba 1884, siku ya Watakatifu Wote, watu wachache wakakutana katika hoteli moja ya mji wa Thurles. Aliyewaita alikuwa mwalimu, jina lake Michael Cusack, na mwenyekiti wao wa kwanza akawa Maurice Davin. Wakaunda chama cha kutunza michezo ya kwao, na Askofu Mkuu Croke wa Cashel akakubali kuwa mlezi wake.

Michezo yao mikuu ni miwili. Wa kwanza huchezwa kwa fimbo ya mti mgumu iliyo pana mwishoni, na mpira mdogo wa ngozi ambao hurushwa kwa kasi ya kutisha. Wa pili ni mpira wa miguu wa namna yao, ambao mchezaji aweza kuudaka na kuupiga kwa mkono pia. Kila upande una watu 15. Kwa kawaida mpira ukipita juu ya mwamba wa goli ni pointi moja. Ukiingia wavuni ni pointi tatu.

Lakini si sheria za mchezo zinazotupasa sisi. Ni namna walivyojipanga. Walisema, Klabu iwe moja na parokia. Mtu huchezea mahali alipozaliwa na kubatizwa, wala hanunuliwi na tajiri wa mji mwingine. Wachezaji hawalipwi mshahara, hata wale wanaocheza fainali katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin, wenye nafasi ya watu zaidi ya 82,000. Jumapili hucheza mbele ya umati huo, na Jumatatu hurudi shambani, au darasani kufundisha. Waliohama nao walianzisha vilabu London na New York, ili kijana afikaye ugenini akute watu wa kwao kabla ya kukuta ulevi.

Uwanja ule una damu ndani yake. Tarehe 21 Novemba 1920, katika vita vya kudai uhuru, askari wa serikali ya Uingereza waliwapiga risasi watazamaji na wachezaji uwanjani, wakafa watu 14, akiwamo mchezaji Michael Hogan. Jukwaa moja la uwanja limeitwa kwa jina lake. Na chama kilipotimiza miaka 100, mwaka 1984, vilabu vingi vya vijijini viliandika vitabu vya habari zao: nani alitoa shamba liwe uwanja, nani alichonga magoli, nani alicheza mwaka gani. Vitabu hivyo havikuandikwa na maprofesa. Waliviandika walimu, mapadre na wakulima, na majina yaliyojaa humo ni ya watu ambao dunia haiwajui.

Twadhani mnaona kwa nini tumewaleta Waayalandi hapa. Sisi nasi ni watu wa kuhama. Babu zetu wa Buha walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Na mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi ya kuandika wafanyakazi, SILABU, iliyochukua vijana kutoka bara kwa maelfu. Wengi walirudi, na wengi hawakurudi. Leo hakuna SILABU, lakini vijana bado hupanda treni, na kijiji bado hujiuliza kina nini cha kuwafanya wakikumbuke.

HESHIMA TULIYOIPATA

Tusiseme kwamba mkoa wetu hauna heshima katika mchezo huu. Juma Kaseja, mlinda lango aliyevaa jezi za Simba na za Yanga na za Taifa, ni mwana wa Kigoma. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa katika uwanja wa Lake Tanganyika, hapa Kigoma, Simba ikaifunga Yanga bao 1 kwa 0, bao la Taddeo Lwanga. Na watu walikuja kwa treni, kwa mabasi na kwa mashua. Mwaka 2023 timu ya Mashujaa, ambayo ni ya jeshi, ilipanda Ligi Kuu, ikauleta mpira wa taifa zima katika uwanja ule ule.

Na ng'ambo ya ziwa, katika Kongo, liko jambo la kutufundisha. Klabu ya TP Mazembe ya Lubumbashi, iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara tano, na mwaka 2010 ikafika fainali ya vilabu vya dunia, ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto, kwa ajili ya vijana wa shule yao. Hakuna aliyejua kwamba kitu kile kidogo kingekuwa kikubwa. Walitaka tu vijana wasizurure.

Basi twafurahi kwa ajili ya walio wakubwa. Lakini mto hauanzi mdomoni. Timu ya daraja la juu huchukua mchezaji aliyekwisha kufundishwa na mtu fulani, katika uwanja fulani, kijijini. Uwanja huo ukitoweka, baada ya miaka kumi hakuna wa kuchukuliwa.

UWANJA WETU

Sasa tumefika penye neno lenyewe lililotuleta mbele yenu. Ninyi mnajua umbo la nchi yetu. Milima hushuka karibu kabisa na maji, na mahali pengi ardhi tambarare ni ukanda mwembamba tu. Katika ukanda huo hutakiwa nyumba, soko, kanisa, msikiti, shule, na mahali pa kuanika dagaa. Na mpira nao hutaka ukanda huo huo. Kisha maji ya ziwa yakapanda, miaka ya 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, yakameza nyumba na gati na mialo. Viwanja vya mchangani vilikwenda pamoja navyo.

Katika kijiji chetu maji yalichukua goli moja na nusu ya uwanja. Tulibaki na nusu ya juu, na kipande cha ardhi nyuma yake ambacho watoto walikuwa wakichezea tangu zamani. Akatokea mtu, akasema amekinunua kipande kile, na mawe ya msingi yakaletwa. Wazee wakakutana na serikali ya kijiji. Wakaulizwa, Mna maandishi gani kwamba hapa ni uwanja? Wakatazamana. Mwenyekiti wa klabu alisema, Sote twajua. Wakajibiwa kwamba kujua si maandishi.

Maandishi yakapatikana mahali ambapo hakuna aliyefikiri. Katika sanduku la kigango limo daftari la makatekista waliotutangulia, lenye majina ya waliofundishwa, sadaka, na habari za sikukuu. Humo, kwa mwandiko wa katekista aliyekwisha fariki, imeandikwa kwamba maandamano ya Ekaristi yalitoka kanisani na kuishia katika uwanja wa mpira ulio juu ya mwalo, chini ya mwembe, na kwamba shehe na wazee wa kijiji walisaidia kuufagia. Sikukuu tatu, miaka mitatu mbalimbali, maneno karibu yale yale. Shehe wa sasa akasimama, akasema kwamba baba yake alikuwa mmoja wa waliofagia. Mkutano mkuu wa kijiji ukaamua kwamba ardhi ile ni ya watu wote, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaruhusu kijiji kutenga ardhi ya namna hiyo. Yule mtu akarudishiwa fedha zake na aliyemwuzia, na mawe aliyoleta akayauza kwa kijiji. Leo ndiyo yaliyojengea ukingo wa kuzuia maji.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeliona kwa macho. Uwanja wetu uliokolewa kwa mistari michache ya mtu ambaye hakuwa na nia ya kuuokoa. Alitii tu desturi ya kuandika.

MASHAURI

Kwa hiyo, ndugu zetu, kwa heshima twaweka mbele yenu mashauri manne.

La kwanza: kila klabu ya kijiji iwe na daftari, na katibu aandike humo kila mechi, wachezaji, mabao, michango, na jina la kila mtu aliyetoa kitu, hata kama ni kamba tu. Katekista wa kigango amsaidie, maana kazi ya kuandika sisi twaijua.

La pili: wazee wahojiwe sasa, wangali hai. Waulizwe klabu ilianza lini, jina lilitoka wapi, mpira wa kwanza wa ngozi ulinunuliwa kwa nini na kwa shilingi ngapi. Mzee akifa na habari hizo, hakuna wa kuziandika tena.

La tatu: kila kijiji kiombe uwanja wake uandikwe katika mpango wa ardhi ya kijiji, kabla hajatokea mwenye mawe.

La nne: klabu isiwe ya dini moja, wala ya chama kimoja, wala ya ukoo mmoja. Twaweza kuibariki, twaweza kuipa chumba cha kuwekea jezi, lakini tusiitie minyororo. Waayalandi walifuata mipaka ya parokia kwa kuwa kwao parokia na kijiji vilikuwa kitu kimoja. Kwetu kijiji ni kipana kuliko kigango, na timu yetu lazima iwe na upana wa kijiji.

Nanyi vijana, tunajua mtaondoka. Wengine mtapanda treni, wengine mtavuka ziwa, na pengine mmoja wenu atasimama siku moja mbele ya umati wa Dar es Salaam. Nendeni kwa amani. Lakini kabla hamjaondoka, andikeni majina yenu katika daftari la klabu, ili wadogo zenu wajue kwamba mlicheza hapa. Wazee husema, mcheza kwao hutunzwa. Sisi twaahidi kuutunza uwanja. Ninyi kumbukeni ni wa nani.

Mwenyezi Mungu awalaze pema wamisionari na makatekista waliotutangulia, awalinde wavuvi wetu usiku majini, na alijalie Jimbo letu la Kigoma miaka mingine mingi ya amani.

Tumsifu Yesu Kristo!